Mbwa nampenda, wakala simtaki: uzoefu wangu wa kuagiza Šarplaninac

"Dada yangu, wewe ndiye uliyetaka mbwa mkubwa."

Niliambiwa hivyo kwa simu na wakala niliyemlipa anisafirishie mbwa, usiku wa manane, mbwa wangu akiwa amekataliwa kupanda ndege katika nchi ya watu. Sikuambiwa pole. Sikuambiwa tumekosea. Niliambiwa mimi ndiye niliyetaka mbwa mkubwa, kana kwamba ningeagiza sungura mambo yangenyooka. Imepita miezi sasa, na kila nikimwona yule mbwa amejilaza kivulini, maneno yale yananirudia. Naandika labda yatanitoka.

Mbwa mwenyewe ni Šarplaninac. Tamka "Sharplaninats", na ukikosea hakuna wa kukucheka maana wanaomjua ni wachache. Ametoka kwenye milima ya Šar, pale Kosovo inapopakana na Masedonia Kaskazini, ambako kazi yake ni kulala na kondoo na kuwazuia mbwa mwitu na dubu. Uzito, urefu na rangi tafuteni wenyewe, vimejaa kila mahali. Mimi nitasema tu kwamba watu wa Masedonia wamemchonga kwenye sarafu yao ya denari moja, na kwamba enzi za Yugoslavia ilikuwa marufuku kumtoa nje ya nchi mpaka 1970. Niliposoma hayo nikadhani kazi ngumu iliisha mwaka huo.

Nilimtaka kwa ajili ya mbuzi. Huyu si mbwa wa kukimbiza mifugo huku na kule. Anaishi katikati ya kundi, anajiona mmoja wao, na usiku anasimama kati yao na chochote kinachokuja. Lakini hazaliwi akijua kwamba mbuzi ni ndugu zake. Anajifunza utotoni, tangu wiki ya tatu hivi mpaka kama wiki ya kumi na sita. Dirisha hilo likishafungwa, unaweza kumfundisha, ndiyo, ila unasukuma gari lililozimika. Mfugaji kule mlimani alikuwa amefanya sehemu yake vizuri sana: watoto wote walizaliwa zizini, kondoo wakiwanusa, wakiwakanyaga bahati mbaya, wakiwazoea. Mimi nilichotakiwa kufanya ni kumpokea mapema na kumwingiza kwa mbuzi kabla hajasahau.

Kwa hiyo mniwie radhi nikizihesabu wiki kama mtu anayedai.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mtoto anawekewa chipu chini ya ngozi. Akifika wiki kumi na mbili anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tunasubiri siku thelathini, daktari anaandika cheti cha afya, anapanda ndege. Nchi nyingine zinadai na kipimo cha damu baada ya chanjo, na hapo unaweza kukaa miezi; kwangu hicho hakikutakiwa. Wakala akaniambia, "Hii kwangu ni kama kunywa maji." Nikalipa kifurushi chote, makaratasi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto, tuliyempa jina Šarko, akashushwa kutoka mlimani akapelekwa kwenye banda la mshirika wa wakala, mjini, sakafu ya saruji, kondoo hata wa dawa hakuna. Wiki nne tu, niliambiwa.

Sasa sikilizeni.

Tiketi imeshakatwa. Mimi nimeshajenga kibanda pembeni ya zizi. Makaratasi yanapelekwa kwa ofisa wa mifugo ili atoe kibali, na huyo ofisa, ambaye namheshimu mpaka leo ingawa siku ile nilitaka kumng'ata, anayashika kama nusu dakika hivi, anaweka kidole mahali pawili kwenye ukurasa mmoja. Tarehe ya chanjo. Tarehe ya chipu. Chipu ilikuwa imewekwa siku moja baada ya chanjo.

Siku moja!

Kwa asiyejua, hili si suala la urasimu tu. Chipu ndiyo inayosema mbwa huyu ni nani. Ina namba ya tarakimu kumi na tano na hakuna mwingine mwenye hiyo. Chanjo ikitangulia chipu, cheti kinathibitisha kwamba mbwa fulani, popote alipo, alichomwa sindano. Huenda ni wako, huenda ni wa jirani. Kwa hiyo chanjo ile haihesabiki. Unaanza upya: sindano nyingine, siku thelathini nyingine. Sheria hii hata mimi naijua, na mimi si wakala, mimi ni mtu wa mbuzi.

Na nikiri, kwa sababu sitaki kuonekana malaika: karatasi ile nilikuwa nayo. Wakala alinipigia picha akanitumia mapema, nami niliiangalia nikatabasamu kwa sababu kulikuwa na jina la Šarko. Sikusoma tarehe. Kwa siku mbili tatu nilijilaumu mpaka nikakosa usingizi. Kisha nikajiuliza, hivi mimi nililipwa kuisoma? Mimi nililipa isomwe.

Nilipompigia akanijibu kwa methali. "Haraka haraka haina baraka, dada." Mtu ambaye kazi yake yote ni kusoma tarehe mbili anakutolea methali! Nikakata simu kabla sijasema la kujutia. Baadaye nikampigia tena, nikalisema.

Basi akachomwa upya, tukasubiri. Dirisha nililowaeleza likawa linajifunga taratibu huku mtoto akitazama ukuta wa saruji. Mshirika kule, lazima niseme, alikuwa mtu mwema. Alinitumia picha karibu kila siku. Lakini picha zilezile ndizo zilizokuwa zinaniambia jambo ambalo wakala hakutaka kulisikia. Wiki hii kichwa kinafika ufito wa tatu wa banda. Wiki ijayo kimeupita. Miguu ya mbele imekuwa kama ya meza. Nikaandika, "Kasha la kusafiria litamtosha?" Akanijibu kwa alama ya dole gumba. Baada ya wiki nikauliza tena. Dole gumba. Mara ya tatu nikaandika kwa herufi kubwa, na dole gumba likaja tena, safari hii mawili.

Kipimo cha kasha si siri. Urefu ni kutoka pua mpaka shina la mkia, uongeze nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka chini mpaka kiwiko. Upana ni mara mbili ya mabega. Kimo ni kutoka sakafuni mpaka ncha ya sikio au utosi, kinachozidi, mbwa akiwa amesimama. Asimame bila kugusa dari, ageuke, alale kama anavyolala nyumbani. Mashirika ya ndege yanafuata kanuni hizo hizo duniani kote, na tepu ya fundi nguo inatosha kuzifuata. Kasha la Šarko lilipimwa akiwa na wiki kumi na mbili, likaongezwa kidogo kwa ajili ya kukua. Kukua kwa wiki nne. Alikwenda nalo uwanjani akiwa anakaribia miezi mitano na nusu.

Picha ya usiku ule bado ninayo kwenye simu. Taa nyeupe za sehemu ya mizigo, kasha juu ya mizani, na ndani yake mbwa wangu ameinamisha shingo kama mzee anayeingia kwenye kibanda cha kuku. Masikio yamelazwa na dari. Hatazami kamera, anatazama kona. Mfanyakazi wa mizigo alikuwa amepima, akatikisa kichwa, akaandika "hapana". Kila la heri kwake popote alipo.

Hapo ndipo nilipompigia wakala. Hapo ndipo nilipoambiwa mimi ndiye niliyetaka mbwa mkubwa. Na kama hilo halikutosha, akaja na ushauri: "Apewe kidonge alale. Akilala si atatosha?"

Naomba mtu yeyote anayefikiria kuagiza mbwa ayasome tena hayo maneno, kisha akiyasikia kwa wakala wake akimbie. Mbwa aliyepewa dawa ya usingizi mashirika mengi ya ndege hayampokei, na yana sababu: shinikizo la damu linashuka, pumzi inaweza kuwa shida, anashindwa kujishikilia kasha likiyumba, na kule chini ya ndege hakuna wa kumwangalia. Unaweza kupokea maiti yenye makaratasi kamili. Na safari hii tarehe zote zingekuwa sahihi.

Ikabidi litengenezwe kasha jipya la mbao. Likachukua siku. Kwa kuwa cheti cha afya kilikuwa cha siku kumi tu, kikaisha muda fundi akipiga misumari, daktari akaitwa tena, cheti kingine. Nisiwachoshe. Alifika akiwa na miezi sita na ushee.

Na sasa niseme ukweli unaoniudhi kuusema. Asubuhi ya kumpokea, wakala alikuja mwenyewe uwanjani. Sikumtarajia. Kabla ya alfajiri alikuwa pale, shati jeupe. Kasha lilipotoka lilikuwa linanuka mkojo mpaka watu wakasogea. Wabebaji wawili wakalitazama wakatafuta shughuli nyingine. Yeye akalikumbatia upande mmoja, mimi na mdogo wangu upande wa pili, tukalibeba mpaka kwenye gari. Mkojo ukamchuruzika shati zima. Hakusema neno. Nilipofungua mlango wa kasha Šarko hakutoka; alikaa mle ndani anatetemeka paja moja tu, la kulia, na yule bwana akapiga magoti pale kwenye lami, akaweka bakuli la maji mlangoni, akageuza uso pembeni ili asimtishe. Tukakaa hivyo muda mrefu. Kwanza ikatoka pua. Kisha ulimi. Kisha bakuli zima likaisha na mbwa akatoka na kukojoa tena, juu ya tairi, kwa utulivu wa mwenye gari.

Siku hiyo nilimpa nyota tatu moyoni. Tatu! Nikamwambia asante na nikaimaanisha.

Baada ya siku mbili ikaja ankara ya siku za ziada za malazi ya mbwa. Siku zile thelathini za chanjo ya pili na zile za kasha. Yaani kosa lake, kwa gharama yangu, na chini kaandika, "Karibu tena." Nyota zikarudi moja. Hiyo moja ni ya shati.

Sikulipa. Tumebishana wiki kadhaa mpaka akanyamaza, na sijui kama amesamehe au anasubiri.

Mnataka kujua kuhusu mbuzi. Wiki za kwanza zilikuwa za kulia. Šarko aliwaona mbuzi kama vitu vya kuchezea. Akawa anawakimbiza, anamshika mtoto sikio na kuvuta, si kwa ubaya, ila mwenye kilo zile hata utani wake ni ajali. Kila nilipomfunga kamba nilikuwa namtukana wakala kwa sauti, mpaka watoto wa nyumbani wakaanza kudhani hilo ndilo jina la mbwa. Angekuja na wiki kumi na saba, mwenye ukubwa wa beberu mdogo, mbuzi wangemwadhibu wao wenyewe na mambo yangekwisha. Hilo sitalisamehe hata kwa mashati kumi.

Aliyeniokoa ni mbuzi mmoja jike, mzee, pembe moja imekatika. Siku moja Šarko alimfuata kwa michezo yake. Yule bibi hakukimbia. Aligeuka, akampiga kichwa cha ubavu, kikasikika mpaka jikoni, kisha akaendelea kutafuna. Mbwa akakaa chini akimtazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata. Kuanzia hapo akawa anamfuata kwa umbali. Baadaye umbali ukapungua. Sasa hivi analala mgongo ukiwa umegusa ukuta wa zizi, na usiku anabweka kwa sauti ambayo ukiisikia kifuani ndipo masikio yanakuja kuelewa. Mbuzi hawajapungua tangu hapo. Bado simwachi nao peke yake mchana kutwa, na huenda sitamwachia kabisa. Wenye uzoefu na mbwa wa aina hii husema wanakomaa karibu miaka miwili, kwa hiyo nasubiri, jambo ambalo nimelizoea.

Je, ningerudia? Hapana. Mbwa huyu ndiyo, mara mia. Njia ile, hapana. Labda nikisoma kila karatasi mwenyewe na kupima kasha mwenyewe. Lakini basi wakala wa nini?

Juzi ametuma ujumbe. Yule mfugaji wa mlimani amepata watoto wengine, kuna jike moja la kijivu, mdogo wake Šarko kabisa, na picha imeambatanishwa: amelala juu ya mgongo wa kondoo. Chini ya picha kaandika, "Safari hii chipu kwanza, dada."

Sijamjibu. Nimemwuliza tu ana wiki ngapi.