TAHADHARI: Dada wa "kuinua uso bila kisu" kule Sinza, msimpe uso wenu

Jamani, hili jambo nimekaa nalo kifuani wiki tano. Mlioniona kwenye arobaini ya shemeji na mtandio mpaka puani, nikawaambia ni mafua, mnisamehe, niliwadanganya. Nilikuwa naficha uso. Nimejazwa kwenye mashavu kitu ambacho mpaka leo hakuna anayejua ni nini, na aliyenijaza bado anatangaza ofa.

Najua kuna watakaosema mtu mzima wa miaka 56 na akili zake anaendaje kwa mtu kama huyo. Basi sikieni. Aliyenipeleka ni mtu tunayemheshimu wote (yeye alibandikwa kope tu pale, hana kosa, msimfuate). Saluni safi, ina kiyoyozi, vyeti vitatu ukutani vyenye mihuri ya dhahabu. Binti mwenyewe kavaa koti jeupe na glavu, ana adabu, anaamkia. Akanipima presha! Akaniuliza kama nina sukari, kama natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Nikajiambia tapeli hapimi presha, huyu kasomea.

Na kisu mnajua ninavyokiogopa. Mwanangu alikuwa ameshaniulizia habari za Uturuki, ule upasuaji kamili wa kuvuta ngozi ya uso: unalazwa usingizi, unakatwa kuanzia mbele ya masikio mpaka nyuma yake, unakaa na bandeji. Nikakataa siku hiyo hiyo. Sasa huyu ananishika mkono ananiambia, "Mama angu, hii haina hata sindano. Ni kalamu tu. Dakika arobaini unapita sokoni unaenda zako nyumbani. Miaka kumi hutaona mkunjo."

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Nikalala kwenye kile kitanda cha masaji. Akanipaka krimu ya ganzi, akanifunika uso kwa nailoni, tukasubiri huku ananihadithia habari za wanawe. Kisha akafungua mkoba wake, huo huo wa begani aliokuja nao asubuhi, akatoa kichupa kidogo kama cha manukato ya kujaribia. Nilikiona. Hakina boksi, na karatasi yake imebanduka nusu. Nilikiona kwa macho yangu haya na sikusema kitu, na hapo ndipo usingizi unaponikatikia kila usiku.

Akavuta ile dawa kwa bomba, akaijaza kwenye kalamu nene kama tochi, akaikandamiza kwenye mkunjo wa kando ya pua. Pah! Kama stepla. Kichwa kizima kikalia. "Pumua mama angu." Pah! Nilihesabu mapigo 22, na ya mwisho kwenye shavu la kushoto yaliuma mpaka jichoni. Nikamwambia hili linauma vibaya. Akasema ni dalili dawa imeshika.

Akanipa kioo. Nikaona uso wa kwenye ile picha ya sebuleni, ya 1999. Mashavu yamejaa, mistari imekwisha. Nililia. Nikamkumbatia. Nikamlipa 450,000 kwa simu, na mkononi nikamwongezea 20,000 ya soda ya watoto. Kumbe nilichokiona kwenye kioo kilikuwa uvimbe wa kupigwa.

Jumapili uvimbe ukashuka, yakabaki mabonge, nayashika kama punje za mahindi chini ya ngozi. Shavu la kushoto likawa na mistari ya kijivu kama wavu. Nikampigia, akasema ni kawaida, nikande na maji ya moto. Jumatatu akanitumia sauti anasema nina ngozi ngumu. Jumanne akanifungia namba. Jumatano ngozi ikachubuka, pembeni nyeusi, katikati kidonda.

Daktari wa ngozi swali lake la kwanza lilikuwa, "Boksi liko wapi?" Sina. "Kichupa?" Sina. Akaniambia fila, yaani dawa ya kujaza ngozi, ile ya kweli ya asidi ya hayaluroniki, inakuja kwenye bomba lake lililofungwa na kiwanda, ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na ikileta shida ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi, ambayo mtu anayejua kazi anakuwa nayo mezani kabla hajaanza, kwa sababu fila ikiziba mshipa wa damu zinahesabiwa saa, siku kadhaa ni nyingi mno. Hiyo miaka kumi ni uongo. Fila hiyo huisha yenyewe, miezi 6 mpaka 18 hivi. Botoksi, ile sindano ya kulegeza misuli ya uso, ni miezi mitatu minne. Hata nyuzi za kuvutia ngozi, nyingi zinayeyuka. Na ngozi iliyolegea sana hakuna fila inayoiinua, inaijaza tu.

Alinijaribishia ile dawa ya kuyeyusha. Kulia pamelainika kidogo. Kushoto hapakusogea.

Kuhusu kalamu zenyewe, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishaonya watu tangu Oktoba 2021 wasijazwe fila kwa kalamu zisizo na sindano. Nguvu ya kalamu inasukuma dawa na mpigaji hajui imefika wapi. Inaweza kuziba mshipa ukapofuka! Nikifikiria yale maumivu yaliyofika jichoni natetemeka.

Huyu mtu nataka afungwe. Sitaki anirudishie hela, nataka afungwe, na ile kalamu ivunjwe mbele ya wote aliowaharibu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nimeshapeleka maelezo, polisi faili lipo, ndiyo maana jina lake silitaji hapa, kaka kanikataza mpaka akamatwe. Lakini nasikia juzi kamfanyia bibi harusi! Mwenye ile nyumba anayempangisha naye ahojiwe, kodi anayokula inatoka kwenye nyuso zetu.

Mnaouliza dalili: hela nililipa kwa namba binafsi na jina likatokea la mwanaume, akasema ni shemeji yake anashika mahesabu. Risiti hakuna. Picha zake za kabla na baada, mwanangu amezikuta kwenye kurasa za watu wa nje. Vile vyeti nimekumbuka vilikuwa vya mafunzo ya siku mbili, na hakuna hata kimoja cha Baraza la Madaktari. Ofa ilikuwa inaisha "leo saa kumi". Na boksi, jamani, boksi. Mtu asiwaguse uso kabla hajalifungua mbele yenu mkalisoma.

Aliyefanyiwa na huyo dada mwezi wa nne au wa tano, akaondoka na kichupa au hata kifuniko chake, naomba aniandikie faragha. Nitakifuata mwenyewe popote alipo. Daktari anakihitaji, na mimi nataka kujua nina nini usoni.