Ukinunua hom thieta, anza kukagua mgongo wake

Kuwa na spika tano na sabufa si sawa na kuwa na sauti ya kukuzunguka. Kariakoo, na hata Luthuli Avenue kule Nairobi, utauziwa boksi limeandikwa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, huku mashine yenyewe ina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Hayo hupitisha chaneli mbili, kushoto na kulia, basi. Spika za nyuma zinarudia yaleyale ya mbele. Kwa Bluetooth ni hivyohivyo. Kama unatafuta sauti ya sinema, taka mashine yenye HDMI au tundu la optiko (linalopitisha sauti kwa mwanga), na nembo ya Dolby Digital au DTS, mifumo ya kufunga sauti ya chaneli nyingi.

Mimi nazipanga hivi, kuanzia iliyo bora, nikimfikiria mpangaji mwenye sebule ya kawaida.

Ya kwanza ni saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, inayokuja na sabufa na spika mbili za nyuma. Waya mmoja wa HDMI unaingia kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC au eARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye spika, rimoti ya TV inaongoza sauti, na mwenye nyumba hana ukuta wa kulalamikia. Ila zile spika za nyuma "zisizo na waya" kwa kawaida bado zinataka umeme, kwa hiyo hesabu soketi zilizoko nyuma ya sofa kabla hujalipa. Saundiba peke yake inatosha taarifa ya habari na mpira, isikuzuzue kwa maneno ya boksi.

Ya pili, risiva (si ya dishi, ni amplifaya ya sinema ya kuunga spika) na spika za kuchagua mwenyewe. Kwa sikio tu ingeshika namba moja, na uzuri wake unanunua kidogokidogo: mbili za mbele leo, ya katikati ukipata hela, za nyuma baadaye. Tatizo ni mtumba. Ya Japani imetengenezewa volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu Tanzania ni 230; ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, umeiua. Ya Ulaya haina shida hiyo. Risiva ya zamani isiyo na ARC iunge na TV kwa optiko. Usiruhusu spika zenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya risiva. Na waya: kwangua ncha kwa kisu. Ikiwa wekundu unatoka na ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Itafanya kazi, lakini kwa safari ndefu ya kwenda nyuma ya sebule chukua shaba tupu, au nene zaidi.

Ya tatu ni seti ya boksi moja yenye DVD. Nyingi zina pini za aina yake, spika ikifa unahangaika kupata mwenzake. Isipokuwa na ARC wala optiko, iache.

Ya mwisho, sabufa ya spika tano yenye matundu mawili. Kwa singeli na taarabu haina neno, inapiga kweli. Lakini kama ni muziki tu, chukua ya spika mbili, upunguze msitu wa waya.

"Bosi, hii wati elfu kumi." Geuza mashine usome kibandiko cha umeme. Inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa elfu kumi, hata muuzaji aape. Namba ya kulinganisha ni RMS, nguvu inayotolewa mfululizo. PMPO, ile namba kubwa ya matangazo, ni mapambo.

Nyumbani, spika za mbele ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, ya katikati chini ya TV, za nyuma ubavuni kwako zikirudi nyuma kidogo na juu ya kichwa. Sabufa usiibane kwenye kona, besi itavimba na jirani atagonga. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV: kwa ARC, ukiacha PCM (TV inaifungua sauti yenyewe) kwa kawaida unabaki na chaneli mbili, weka Auto au Bitstream (TV inaipitisha kama ilivyo).

Video nyingi za YouTube ni chaneli mbili, hazifai kujaribia. Mwombe muuzaji aweke filamu yenye Dolby 5.1, usubiri watu waanze kuongea, halafu usogeze sikio kwenye spika ya nyuma. Maneno yakisikika huko kwa nguvu ileile ya mbele, mrudishie boksi lake.