Kipimo cha VVU cha nyumbani: kizuri, ila nani kakuuzia?

Nimejipima nyumbani mara nne sasa, na siku ya kuhofia ilikuwa moja tu, mwaka jana kuelekea mwisho. Kondomu ilipasuka. Kwa hiyo mjue mnamsoma mtu mwoga.

Kipimo cha kwanza nilinunua duka la dawa la mtaani, huku Mbagala, wiki kama sita baadaye. Nikasubiri watu wapungue, nikajifanya naangalia dawa za meno, nikasogea na kunong'ona. Yule dada akageukia stoo, sauti juu: "Eti vile vipimo vya Ukimwi vimebaki?" Nyuma yangu kasimama mama jirani na panadol za mjukuu wake. Akanipa kifuko bila boksi, karatasi ya maelekezo haimo. Nauliza kinatumikaje: "Kaka, si unapaka mate tu. Mistari miwili, umeumia." Na kucheka akacheka.

Kwanza, si mate. Unapitisha kijiti kwenye ufizi, juu mara moja, chini mara moja, ndipo unakitumbukiza kwenye kichupa. Unasoma dakika 20 zikitimia, na zikipita 40 hutakiwi kukiamini tena. Haya nayajua leo. Usiku ule niliona mstari mmoja kwenye C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, nikalala. Saa kumi alfajiri nikakirudia kwa tochi ya simu: kuna kivuli kwenye T, pale pa mstari wa pili. Ukikiinamisha kipo, ukikinyoosha hakipo. Shati likalowa jasho na feni inazunguka.

Asubuhi nikawa wa pili kwenye foleni ya kituo cha afya. Nesi, mama mtu mzima, akanitoboa kidole. Hamna kitu. Akanieleza taratibu: mstari hafifu ukitokea ndani ya muda unahesabika, njoo tuthibitishe, ukitokea baada ya muda hausemi lolote. Na kile cha ufizi kinatafuta kingamwili, zile kinga ambazo mwili unazitengeneza taratibu dhidi ya kirusi, si kirusi chenyewe, ndiyo maana jibu la kutegemea ni baada ya miezi mitatu. Nikarudi ilipotimia. Hamna kitu. "Imeisha hiyo, mwanangu." Akaongeza kwamba ningewahi ndani ya saa 72 ningepewa dawa za kinga. Yule dada hilo angeniambia? Ah, nilimwendea wiki ya sita, hapo namwonea. Lakini karatasi je? Karatasi ilikuwa ya kwangu!

Nilikusudia kukiponda kipimo. Siwezi. Kilisema kweli kwa wakati wake, mimi ndiye niliyekiamsha alfajiri. Ila mtu mwenye roho kama yangu asijipime peke yake usiku; nimejipima mara tatu zaidi tangu nesi aniambie imeisha, na kila mara ile tochi naishika.

Cha tano kipo kabatini chini ya fulana. Nilikifuata mpaka Temeke, daladala mbili, nisimwone yule dada.