Kifurushi cha bolijointi za kombi ya 1974: kipi nilifunga nyumbani, kipi nilipeleka Gerezani, Dar es Salaam

Kombi yangu ni ile ya kioo kimoja kikubwa mbele, Volkswagen T2 ya mwaka 1974, yenye breki za diski mbele. Kwenye kombi dereva anakaa juu kabisa ya ekseli, hivyo kila kinachogonga kule chini unakipata mwilini. Yangu ilikuwa inagonga kila shimo, matairi ya mbele yanalika upande wa ndani, na ukishafika kilometa 70 kwa saa kazi yako ni kuubembeleza usukani tu. Nikaipandisha jeki, nikachomeka mtaimbo chini ya tairi na kunyanyua: bolijointi za chini (viungo vya duara vinavyoliruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona) zinacheza wazi, huhitaji hata fundi wa kukuonyesha.

Spea zipo. Ujerumani iliacha kuunda T2 mwaka 1979, lakini Brazili iliendelea nayo hadi Desemba 2013, kwa hiyo viwanda havijaisahau. Nilichoagiza ni kifurushi cha bei ya chini kutoka nje: bolijointi nne, tairodi (fimbo za usukani), bushi za katikati na shoki mbili. Muuzaji simtaji.

Chuma sina ugomvi nacho. Vipimo vilikaa sawa, nyuzi safi, nati zinaingia kwa mkono. Tatizo ni mipira inayofunika bolijointi. Niliukunja mmoja kwa vidole ukaacha mstari mweupe kwenye kunjo, na nilipouvuta kidogo mstari ule ukawa ufa. Wengi wataona ni kitu kidogo, na mimi nasema hapo ndipo bei yote ilipo. Bolijointi hizi hazina chuchu ya grisi, yaani mahali pa kupigia grisi. Grisi iliyomo ndiyo ya maisha yake yote. Mpira ukipasuka, vumbi linaingia, linachanganyika na grisi, na kuanzia hapo chuma kinajisaga chenyewe. Kwa barabara zetu za vumbi kiangazi na madimbwi masika, bolijointi nzuri yenye mpira mbovu ni bolijointi mbovu. Nikanunua mipira peke yake kwingine, minene zaidi, na hiyo ndiyo niliyofunga.

Kufungua nyumbani kunawezekana kabisa ukiwa na subira na stendi za uhakika. Tafadhali usiingie chini ya kombi iliyobebwa na jeki peke yake. Kalipa ya breki niliitundika kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Tairodi hazikuhitaji pula, kifaa cha kuvutia: nyundo nzito inaegemezwa upande mmoja wa jicho, nyingine inapiga upande wa pili, linaachia. Kabla ya kugusa bolijointi za juu, weka alama ya rangi kwenye ile bushi yenye tundu lililokaa pembeni, maana ndiyo inayoamua tairi lilale au lisimame wima. Ukiizungusha bila alama, jiandae kutafuta kipimo upya.

Kilichonitoa jasho ni skrubu zinazoshikilia mikono inayobeba magurudumu kwenye vile vyuma bapa vinavyojipinda ndani ya bimu (mabomba ya ekseli ya mbele), ambavyo ndivyo springi za gari hili. Zimekaa humo tangu enzi za Mwalimu. Nilizilowesha mafuta jioni, kesho yake nikazipasha moto, nikalowesha tena, ndipo nati ikalia "kwaa" na kuachia. Mikono ikishatoka, tazama sehemu inayozungukia ndani ya beringi. Yangu ilikuwa inang'aa bila vishimo. Yako ikiwa na vishimo, bolijointi mpya hazitakusaidia kitu.

Kuzitoa bolijointi kwenye mikono ni kazi ya presi, na hapo nyumbani pananishinda. Nikaenda Gerezani kwa mkereza vyuma mmoja. Kijana wake alipoona nimebeba na nyundo akacheka: "Mzee, hii ukiipiga unalipanua jicho, halafu mpya hazikazi tena." Akakata kipande cha bomba kizito, akakiweka kuzunguka jicho, ya zamani ikatoka kwa mlio kama bunduki. Mpya akazisukuma kwa kubana ukingo wake, hakugusa ule msumari wa katikati hata mara moja, na kila mara alihakikisha alama iliyo ukingoni mwa bolijointi imekaa inapotakiwa. Alinitoza shilingi 10,000 kwa kila moja. Zipo bolijointi zenye unene ulioongezwa kidogo kwa mikono ambayo jicho limeshalegea. Zangu hazikufikia huko.

Kurudishia ni kinyume cha kufungua, ila bimu ijaze grisi magurudumu yakiwa hewani, mpaka ya zamani itoke nyeusi na mpya ifuate. Chuchu za bimu ni nne, na ya tano iko katikati kwenye mkono wa stelingi. Hiyo ya katikati mafundi wengi huiruka.

Kwenye alaimenti, kupima na kunyoosha magurudumu, ndiko nilikoudhika. Kijana wa mashine akaniambia gari hili halina marekebisho ya kulaza tairi, linarekebishwa tairodi tu. Ikabidi nilale chini nimwonyeshe ile bushi ya juu na nati yake. Alirekebisha, lakini bei hakupunguza.

Sasa gari linakwenda njia yake bila kubembelezwa, na mgongo wa lami nauona tu, siusikii kwenye magoti. Kifurushi nakipa tatu kati ya tano, na hizo tatu ni za chuma. Presi ya Gerezani tano kamili. Shoki za kwenye boksi bado sijazifunga: moja ukiisukuma inarudi taratibu inavyotakiwa, nyingine inapitiliza robo ya kwanza bila ukinzani wowote. Muuzaji amekubali kuibadilisha, ila anataka nigharamie usafirishaji, na hapo ndipo bado tunavutana.