Kofola ya bomba: soda iliyonipa kiti mezani

Nilipokuja Brno, Jamhuri ya Cheki, kusoma, nilichokihofia zaidi ni baa. Wacheki hukutana baa kwa kila jambo: kazi ya kundi, kumuaga mwenzao, hata kusubiri treni. Mimi pombe situmii. Wiki za mwanzo nilikuwa naagiza maji, nakaa pembeni, na kila anayepita ananiuliza kama naumwa.

Jioni moja mwenzangu wa darasani akaniagizia Kofola. Ikaletwa kwenye glasi nzito ya nusu lita, ileile yenye mkono wanayonywea bia, imemiminwa kutoka bombani, nyeusi, na juu povu la kahawia linalotua polepole. Ilibidi niinuse kwanza. Kumbe ni soda.

Funda la kwanza sikulipenda, niseme ukweli. Utamu uko chini kuliko wa Coca-Cola, halafu inakuja ladha ya majani na mizizi, kama dawa ya kikohozi. Kufika nusu ya glasi nilikuwa nimeshaizoea, na kesho yake nikaitamani. Ladha ile inatoka kwenye mzizi mtamu ambao Wamisri huuloweka kutengeneza kinywaji chao cha futari, erk-sus. Ndani yake mna pia matofaa na cheri. Viungo vya mimea na matunda ni 14 kwa jumla. Asidi ya fosfori, iliyomo kwenye Coca-Cola, humu haimo.

Historia yake ndiyo iliyonifanya niipende kabisa. Mwaka 1959, enzi ya Chekoslovakia ya kikomunisti, kola za Magharibi zilikuwa adimu, na kwenye ukaangaji wa kahawa kulikuwa na kafeini inayobaki bila kazi. Watafiti wa taasisi ya mimea ya dawa mjini Praha, wakiongozwa na Zdeněk Blažek, wakatafuta namna ya kuitumia. Wakapata sharubati waliyoiita Kofo, ikatengenezwa na kiwanda cha dawa cha Galena, Opava, na kuanzia 1960 nchi nzima ikawa inakunywa Kofola. Ndiyo maana ina harufu ya duka la dawa: imezaliwa humo!

Utawala ule ulipoanguka 1989, Coca-Cola na Pepsi zikajaa madukani, Kofola ikadorora. Aliyeiinua ni familia ya Samaras, Wagiriki waliokimbilia huko baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwao. Walikuwa na kiwanda cha vinywaji katika mji mdogo wa Krnov, na mwaka 2002 wakanunua jina na fomula ya asili kwa koruna milioni 215 za Kicheki. Mkimbizi akaokoa kinywaji cha nchi iliyompokea. Hapo huwa natua kidogo kila nikisimulia.

Kasoro ipo. Ya bomba inategemea mkono wa mwenye baa. Kuna mahali karibu na hosteli yetu waliniletea sharubati tupu, gesi imeshatoka; nikairudisha, wakaleta nyingine vilevile. Ya chupa haina bahati nasibu hiyo, ila haina povu lile, na kwangu inapoteza nusu ya raha. Majira ya baridi hutoa ladha za msimu. Ya mdalasini niliipenda sana, ilinikumbusha chai ya nyumbani Tanga.

Sasa kwenye meza ya watu wanane siulizwi tena kitu. Glasi yangu inafanana na zao, tunagonganisha pamoja, na dereva wa siku hiyo naye ana Kofola yake.

Ukipita Praha au Brno, ya chupa iache kwanza. Ingia baa yenye watu wengi, maana bomba lao halilali, mwambie mhudumu „točená Kofola“, litamke „tochena“. Akikuuliza ndogo au kubwa, chukua kubwa.