Kempa ya kwanza Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue, ipi uiache

Wanaonunua kempa (gari la kusafiria na kulala ndani yake) kwa mara ya kwanza huuliza upana wa kitanda na jiko limewekwa wapi. Kwa mtu atakayepanda mlima wa Kitonga na kulala Hifadhi ya Kitulo, la kwanza kuuliza ni gari lina kilo ngapi likishajazwa, na usiku wa baridi litakuwaje ndani. Tumepanga kwa mizani hiyo.

Namba moja ni Land Cruiser au Hilux yenye hema la kukunjua juu ya keria. Haina anasa, ila njia za ndani ya Hifadhi ya Ruaha inazimudu. Hema la watu wawili lina kilo 50 hadi 70. Ulizia paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi gari likitembea, kisha toa uzito wa keria. Ukizidisha, gari huyumba kwenye kona, na kutoka Chimala kupanda Matamba kona ni zaidi ya hamsini.

Namba mbili ni Hiace ya paa refu iliyogeuzwa. Hii ndiyo inayotamaniwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu ubovu wake hufichwa nyuma ya mbao. Bonyeza kwa kidole gumba pembe za madirisha na kingo za tundu la hewa la paani. Mbao ikibonyea, maji yameshaingia kitambo. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua rejeta: ukiona mafuta yanaelea, achana nalo. Ikiwa ni 1KZ (injini ya dizeli ya Toyota), kuchemsha mara moja kunatosha kupasua hedi, kifuniko cha juu cha injini. Lijaribu kwenye mlima mrefu likiwa na watu na maji, maana lita 100 za maji ni kilo 100. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi.

Umeme nao upigie hesabu. Friji ya lita 40 ya volti 12 hula kama Ah (ampea-saa) 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 isishuke chini ya nusu, kwa hiyo siku moja ya mawingu inakumaliza. Weka sola ya wati 200, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Betri ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dakika moja, hata Njombe ya mwezi wa saba. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki. Nunua blanketi nzito na acha dirisha wazi kidogo.

Tela la kulala, linalovutwa na gari, ni la tatu. Ni nafuu, lakini lisipokuwa na breki zake litalisukuma gari kwenye mteremko wa Kitonga, hata ukiwa gia nzito.

Coaster iwe ya mwisho: familia nzima inalala, ila ni ya lami.

Lolote utakalochagua, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, hesabu tairi jipya kwenye bei. Kisha linganisha namba ya chesisi na kadi, na uone kama mabadiliko ya bodi yameandikishwa TRA, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.