Raba "orijino" zilizonimwaga Daraja la Tanzanite

Jamani hili nimekaa nalo wiki kadhaa nikasema nipotezee, nimeshindwa. Za raba nitazisema, ila kilichoniuma zaidi ni yule muuzaji kwa hiyo mnivumilie.

Najiandaa na Kili Marathon ya Moshi, ile kamili ya kilomita 42, mbio ndefu zangu ni Jumapili alfajiri kabla jua la Dar halijaanza roho mbaya yake. Natoka Mwenge, Morocco, Masaki, Coco, navuka daraja hadi Aga Khan halafu nageuza. Raba zangu za zamani soli ilishakufa, ukikanyaga unasikia lami yote gotini, ndo nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Kijana akaniapia "dada hizi ndo za kina Simbu." Yaani tangu Simbu, mkimbiaji wetu, achukue dhahabu ya marathon ya dunia Tokyo 2025 kila muuza raba amekuwa kocha. Nikatoa laki na ushee, bila risiti ya maana, kikaratasi tu chenye muhuri.

Nisiwe mnafiki, mwanzoni nilizipenda. Laini, nyepesi, mbele zina nafasi ya kidole gumba, na hilo kwangu ni lazima maana ukienda mbali mguu unavimba, na kule Moshi nusu ya kwanza unaenda na barabara ya Dar unarudi freshi tu, halafu unapandishwa mlima wa Mweka mpaka ulimi nje, ukigeuka sasa ni mteremko ambao kiatu kikibana kucha zinagonga mbele hadi zinakuwa nyeusi. Nikasema hapa nimepata.

Basi Jumapili moja niko juu ya daraja, kiupepo cha bahari safi kabisa, nasikia pa! pa! pa! Nikadhani kuna mtu nyuma. Kumbe soli ya kulia imebanduka kuanzia kidoleni inapiga kama kandambili. Hatua chache mbele ikang'oka yote. Sijajikwaa, sijakanyaga maji, ni gundi tu imeachia. Nikaibeba mkononi mpaka Coco, watu wanaoandaa mihogo wananiangalia, nikapanda boda nikarudi nyumbani na soli yangu.

Nikarudi dukani kistaarabu kabisa. Kwanza akasema nimezifua. Sijazifua. Akasema nimeanika juani. Kaka, nimekwambia sijazifua nianike nini? Akasema hizi si za kukimbilia mbali, ni za mazoezi mepesi. Za kina Simbu hizo hizo! Simbu na yule Mjerumani Petros waliingia wote na 2:09:48 mpaka picha ikaamua, sidhani kama kuna aliyefika ameshika soli mkononi. Halafu, mbele ya wateja, akaniangalia juu mpaka chini akasema "labda uzito dada." Uzito! Wenzake wakacheka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba nibadilishiwe tu, hata hela sikuitaka, ila hapo nilimpa maneno ambayo mama yangu akisikia atafunga siku tatu.

Hela sijarudishiwa. Raba nimempelekea fundi viatu hapa mtaani, kaisugua gundi ya zamani yote, kapaka mpya, kashona soli kuzunguka na uzi mnene kwa buku tano, akaniambia "dada hii gundi ya kiwandani ilipakwa kwa mbali sana." Buku tano! Na tangu zishonwe hazijanisumbua, nazivalia zile za katikati ya wiki, na ubaya ni kwamba bado ndo laini kuliko zote nilizowahi kuvaa. Nilitaka kuzipa nyota moja, nikaweka mbili, sasa hivi naandika naona hata tatu zinastahili, raba zenyewe hazijawahi kunitukana. Za Jumapili nimerudi mtumba, pea moja ya Karume, imekanyagwa kidogo lakini soli imeshika ukiivuta kwa nguvu haitikisiki, na hivyo ndo muipime, ivuteni palepale mbele ya muuzaji hata akinuna.

Ila duka, sifuri. Juzi wamenitumia WhatsApp "dada mzigo mpya umeingia karibu sana." Nimewajibu nina uzito sana siwezi kufika.